Damu na Mpaka: Asili ya Kiongozi katika Busia na Tororo

Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Usemi huo wapata maana ya pekee Busia na Tororo, ambako maji ya mito Sio na Malaba yamefanywa mpaka baina ya Kenya na Uganda, ilhali Wasamia na Waiteso wakaa ng'ambo zote mbili. Yafaa basi tujiulize: katika kumpa mtu haki ya kuongoza taifa, kipi hutangulia, damu au mpaka?

Hadi mwaka 1902 pande zote mbili zilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda, wakautia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ukathibitishwa kisheria tarehe 1 Februari 1926. Wenyeji hawakuulizwa.

Matokeo yake twayaona katika nyumba moja ya Wasamia, ile ya kasisi Jeremiah Awori. Mwanawe Moody, Mbunge wa Funyula katika Busia ya Kenya, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya tangu Septemba 2003 hadi Januari 2008. Mwanawe mwingine, Aggrey, aliikimbilia Uganda katika Olimpiki ya Roma ya 1960. Baadaye alikuwa Mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, katika Busia ya Uganda iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Mwaka 2001 aligombea urais wa Uganda, akawa wa tatu. Baba mmoja, mataifa mawili.

Hapana shaka damu hapo ilivuka mpaka. Lakini si damu ya kila mtu. Katiba ya Uganda ya 1995 yataka Rais awe raia wa kuzaliwa, na uraia huo hufuata nasaba ya jamii zilizokuwamo nchini tarehe ile ile ya 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa: Wasamia wamo, Wagwe wamo, Waiteso na Wajopadhola wamo. Wahindi hawamo. Kwa hiyo mtu ambaye wazee wake wote ni Wahindi, hata akizaliwa Tororo na baba yake pia akazaliwa Tororo, hawezi kuwa Rais. Anayekumbuka jinsi Idi Amin alivyowafukuza Waasia mwaka 1972 ataelewa uzito wa jambo hili.

Kenya ilifuata njia nyingine. Katiba yake ya 2010 yatosheka na mzazi mmoja aliye raia, bila kuuliza kabila; na Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44 ya nchi.

Sisi walimu tuna wajibu hapa. Maneno asili, kabila na uraia huchanganywa mno madarasani. Tuwafunze wanafunzi kuyapambanua, tukiwaonyesha kwamba tarehe iliyowekwa na mtawala mgeni ndiyo ingali ikipima nani mwenyeji na nani mgeni.