Kuwapima Watunzi wa Muziki wa Filamu

Tuzo ya Oscar ya muziki ilianza kutolewa kwa filamu za mwaka 1934, na kwa miaka minne ya mwanzo haikuwa ya mtunzi. Ilikuwa ya idara ya muziki ya studio, na mkuu wa idara ndiye aliyeipokea. Erich Wolfgang Korngold alitunga muziki wa Anthony Adverse mwaka 1936, lakini tuzo ikaenda kwa Leo Forbstein, bosi wake pale Warner Bros. Mwaka uliofuata ilishinda One Hundred Men and a Girl, filamu ambayo haikutaja mtunzi yeyote. Kanuni zilibadilishwa kwa filamu za 1938, na hapo Korngold akapata tuzo kwa jina lake mwenyewe, kwa The Adventures of Robin Hood.

Utaratibu huo wa mwanzo ulifuata hali ya kazi yenyewe. Watunzi wa Hollywood walikuwa waajiriwa wa mshahara, na filamu moja iliweza kupita katika mikono kadhaa kabla ya okestra kuketi. Aliyeonyesha kwamba mkono wa mtu mmoja unaweza kusikika ni Max Steiner, mzaliwa wa Vienna. Katika King Kong ya mwaka 1933, sokwe wa kutisha alikuwa kwa sehemu kubwa mwanasesere mdogo aliyesogezwa fremu kwa fremu. Uzito na hasira yake vilitoka kwenye okestra ya Steiner. Miaka sita baadaye akatunga muziki wa Gone with the Wind, unaosikika kwa zaidi ya saa mbili.

Anayetaka kuwapanga watunzi kwa hesabu ya tuzo hana budi kumtanguliza Alfred Newman, aliyepata Oscar 9, nyingi kuliko mtunzi mwingine yeyote. Hesabu hiyo inahitaji kufunguliwa, kwa kuwa 7 kati ya hizo alizipata kwa kupanga na kusimamia muziki wa filamu za nyimbo, ambazo nyimbo zake zilitungwa na wengine. Ni mbili tu zilizotokana na muziki wake mwenyewe wa kusindikiza hadithi: The Song of Bernadette na Love Is a Many-Splendored Thing. Newman alikuwa kiongozi hodari wa okestra, lakini wingi wa tuzo zake unasema zaidi juu ya cheo chake kuliko juu ya utunzi wake.

Bernard Herrmann ndiye kinyume chake. Alipata Oscar moja, kwa filamu ya mwaka 1941, kisha kuanzia 1947 hadi kifo chake jina lake halikupendekezwa hata mara moja. Katika kipindi hicho ndipo alipotunga Vertigo na Psycho. Kwa Psycho, ya mwaka 1960, alitumia ala za nyuzi peke yake. Alfred Hitchcock alitaka tukio la mauaji bafuni lipite bila muziki. Herrmann akaandika hata hivyo, mwongozaji akasikiliza, akakubali. Leo ni vigumu kulifikiria tukio lile bila vile violini vinavyopiga kelele. Herrmann alifariki Desemba 1975, mara tu baada ya kumaliza kurekodi Taxi Driver, na ndipo majaji walipomkumbuka kwa mapendekezo mawili.

Huko Italia kazi ilikwenda kwa namna nyingine. Ennio Morricone wa Roma alitumia mluzi, gitaa la umeme na sauti ya mwanamke isiyo na maneno katika filamu za Sergio Leone, mtu aliyesoma naye shule ya msingi. Muziki wa Once Upon a Time in the West ulitungwa kabla ya kamera kuwashwa, waigizaji wakawa wanatembea kwa kuufuata. Morricone alitunga muziki wa filamu zaidi ya 400. Oscar ya ushindani aliipata mwaka 2016, akiwa na miaka 87.

Mwaka 2005 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilitoa orodha ya filamu 25 zenye muziki bora. Star Wars ya John Williams ilikuwa ya kwanza, na Gone with the Wind ya pili. Psycho, ambayo muziki wake ulipuuzwa na Oscar, ilishika nafasi ya nne. Newman alikuwa wa 25, kwa filamu ambayo haikumpa tuzo. Morricone aliwekwa wa 23 kwa The Mission, jambo la kuchekesha kidogo, ila orodha ilikuwa ya filamu za Marekani na kazi zake kubwa za Italia hazikuhusika.

Afrika Mashariki imo katika historia hii, ingawa zaidi kama mandhari. Mwingereza John Barry alipata Oscar kwa Born Free na Out of Africa, zote zilizopigwa Kenya, lakini okestra yake inaimba Kenya ya mtu anayeitazama kutoka juu angani. The Lion King ya 1994 ina majina ya Kiswahili, Simba na Rafiki, huku mwito wake wa mwanzo ukiwa wa Kizulu, kazi ya Lebo M. wa Afrika Kusini. Nyimbo nyingi ni za Elton John na Tim Rice. Oscar ya muziki wa kusindikiza ilikwenda kwa Hans Zimmer, na watazamaji wengi humhesabia yote.

Sharti la Oscar kwamba muziki uwe mpya nalo limewagusa wakubwa. Mwaka 1973 Nino Rota aliondolewa kwenye mashindano kwa sababu The Godfather ilitumia wimbo aliokwisha kuutumia mwaka 1958, na mwaka 2024 Dune: Part Two ya Zimmer ikakataliwa kwa kubeba muziki mwingi mno wa filamu iliyoitangulia.