Vuga, mji wa Simba Mwene, na dini zilizopanda mlima

Februari 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Vuga, mji wa milimani Usambara, wakitokea Pangani, pwani. Simba Mwene, yaani mfalme wa Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai, alikuwa mzee na mgonjwa. Alikwisha sikia kwamba wageni hao hutazama nyota na kuchunguza mawe na miti. Kama si waganga hao, ni nani? Akawaagiza wamtengenezee dawa ya kumrudishia afya, tena kabla jua halijatua. Wakajitetea kwamba dawa zao wameziacha Pangani. Mzee akawajibu kuwa milima ile ina miti tele, wakachimbe.

Burton alikiandika kisa hicho kwa kejeli. Mimi naona aliyeuliza swali la maana siku ile ni Kimweri: huyu mgeni na Mungu wake wanaponya nini?

Vitabu vya shule hupanga dini za dunia kwa nasaba. Kuna ukoo wa Ibrahimu, wenye Uyahudi, Ukristo na Uislamu. Kuna ukoo wa India: Uhindu, Ujaini, Ubuddha na dini ya Kalasinga. Kuna mafundisho ya China, ya Konfusio na ya Dao. Mwishoni kabisa, mara nyingi kwa aya moja ya haraka, hutajwa dini za jadi, zetu zikiwemo. Nasaba hiyo si uongo. Lakini historia ya Vuga inaonyesha mpaka mwingine, nao ndio ulioamua nani apande mlima na nani abaki pwani: kuna dini mtu anazozaliwa nazo, na kuna dini anazoingia.

Ya Wasambaa ilikuwa ya kuzaliwa. Mizimu ni ya ukoo. Unaitambikia ya kwenu, na jirani anayo ya kwao. Hakuna aliyetumwa ng'ambo ya bonde kuwahubiria wengine babu yake. Ajabu ni kwamba aliyekuja kushika tambiko kubwa kuliko yote alikuwa mgeni. Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, aliingia Usambara katika karne ya 18. Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, aliyeandika Habari za Wakilindi, anasimulia kwamba Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, na ndugu zake wakamkataa. Aliua nguruwe walioharibu mashamba, akagawa nyama, akaua simba, watu wa Vuga wakampa nchi. Tangu hapo dawa za mvua zikawa mikononi mwa Wakilindi, ukoo wa Mbegha. Mfalme mwenye nguvu alizifya shi, yaani aliiponya nchi. Wakubwa wakigombana, mvua inakata na njaa inaingia.

Uislamu ulipanda taratibu, umebebwa na wafanyabiashara na waandishi wa barua. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Vuga mwaka 1848 na tena 1852, aliwakuta baadhi ya wana wa Kimweri wamekwisha silimu na kujifunza kusoma na kuandika. Mtawala anayeandikiana na pwani anahitaji kalamu, na kalamu ilikuwa ya Mwislamu. Hata hivyo Vuga yenyewe ilibaki mji wa tambiko, na wageni walilazwa nje yake. Krapf aliahidiwa mahali Tongwe. Mwaka 1867 Alington wa misheni ya Kianglikana alikuja kuomba ruhusa kwa Shekulwavu, mrithi wa Kimweri. Naye akaelekezwa Magila, kule Bonde. Adabu ya kifalme hiyo: mgeni hafukuzwi, anapewa kiwanja mbali.

Na ukoo wa India? Burton aliwakuta Mabaniani Pangani, wakinunua pembe za ndovu zilizoshuka kutoka bara. Dini yao haikupanda mlima kwa sababu haikuwa na nia ya kumwingiza mtu, Baniani huzaliwa. Kwa hilo Baniani na mzee wa Kisambaa walifanana kuliko yeyote kati yao na Krapf.

Mlango wa Vuga ulifunguliwa kwa nguvu. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walianza Mlalo mwaka 1891. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Kikilindi, na mwaka huohuo misheni ikasimama Vuga. Siamini kwamba ni sadfa. Baadaye mji uliowalaza wageni nje ukawa na mtambo wa chapa, na vitabu vya Kiswahili vyenye jina la Vuga vikasambaa nchini.

Leo Walutheri, Waislamu na Wakatoliki wanatoka katika koo zilezile za Kisambaa. Mtu na binamu yake wana jina moja la ukoo, mmoja Yohana, mwingine Hamisi. Ukame ukizidi, msikitini huswaliwa swala ya kuomba mvua na kanisani hufanywa ibada ya mvua. Na kwenye msiba wa ukoo kama huo, kisu hupewa Hamisi amchinje ng'ombe, ili upande wa Yohana na upande wa Hamisi wale sufuria moja.