Nchi ni ya Mungu

Wayahudi wanayo desturi ya kale itufaayo kuitafakari. Vitabu vitano vya Musa wamevigawa mafungu 54, nao huyasoma kwa zamu kila Sabato, hata Torati yote huisha kwa mwaka mmoja; kisha huanza tena. Vivyo hivyo Ezra aliwasomea watu kule Yerusalemu, na Walawi wakawaeleza maana.

Wala desturi hii haiko mbali nasi. Huko Mbale, katika Uganda, mkuu mmoja jina lake Semei Kakungulu alishika dini ya Kiyahudi mwaka wa 1919. Wafuasi wake huitwa Abayudaya. Siku za Idi Amin walikatazwa ibada yao, wakasali kwa siri. Naye alipoondolewa mwaka wa 1979, Torati walikuwa hawajaisahau.

Katika mafungu hayo limo moja liitwalo Behar, maana yake "Mlimani", nalo laanza katika Mambo ya Walawi, mlango wa 25. Humo Mungu aagiza nchi ipumzike kila mwaka wa saba, na katika mwaka wa hamsini shamba lililouzwa limrudie mwenyewe. Kwa hiyo mnunuzi alilipa kwa hesabu ya mavuno yaliyobaki, wala hakununua udongo. Maana nchi ni ya Mungu, na watu ni wageni wake.

Sisi wa Karatu twaishi karibu na ushuhuda wa neno hili. Zamani bonde la Ngorongoro lilikaliwa na Wadatoga. Katika karne ya 19 Wamasai wakaja wakawafukuza. Mwaka wa 1892 msafiri Oscar Baumann aliwakuta Wamasai hao wenye nguvu wamekondeana kwa njaa, kwa kuwa sotoka imewamaliza ng'ombe wao. Kisha Wajerumani wawili, ndugu wa jamaa ya Siedentopf, walifanya mashamba humo, hata vita ya 1914 ikawaondoa. Mwaka wa 1959 Wamasai wa Serengeti walihamishiwa nchi ya Ngorongoro, na mwaka wa 1974 waliokaa ndani ya bonde wakatolewa. Kila mmoja alidhani amefika kwake.

Hatusemi kwamba ni haki kumwondoa mtu kwake. Fungu hili lataka kinyume: aliyepoteza arudishiwe, wala mtu asimdhulumu ndugu yake.

Basi, sisi je? Twashtakiana kwa ajili ya hatua mbili za mpaka, na huku mvua yachukua udongo wa shamba zima na kuacha makorongo. Mgeni mwema hutunza nyumba aliyokaribishwa. Na tufanye matuta, tulipumzishe shamba lililochoka, tuuache mpaka wa jirani mahali pake. Tena kila juma tusome fungu moja nyumbani pamoja na watoto, tukiulizana latuagiza kufanya nini. Twaweza kuanza na mlango huo wa 25.