Manamba wa Songea: Mkataba wa Muda na Moyo wa Mfanyakazi

Kila lugha ina ghala yake ya kumbukumbu. Katika Kiswahili yamo maneno matatu ambayo, tukiyafungua, hutueleza habari za kazi katika nchi yetu kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja: kibarua, kipande na manamba. La kwanza latokana na barua, yaani cheti kidogo alichopewa mtu wa kazi ya kutwa huko Unguja na katika miji ya pwani katika karne ya 19. Wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa waliokodishwa, na ujira wao waligawana na mabwana zao. La pili ni jina la kadi ya kazi. La tatu latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya nambari, kwa kuwa mtu aliyeandikishwa kwenda mashambani alitambuliwa kwa nambari yake kabla ya kutambuliwa kwa jina lake. Katika insha hii twataka kujiuliza swali moja: mtu aliyefanya kazi kwa mkataba wa muda aliridhika na kazi yake? Na kama hakuridhika, kosa lilikuwa la nani?

Ili tusizungumze juu juu, tuanzie mahali palipo wazi. Lusewa imo katika nchi ya Wandendeule na Wayao, inayoteremka kuelekea Mto Ruvuma. Zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Songea; tangu mwaka 2002 imo katika Wilaya ya Namtumbo. Kutoka huko hadi Tanga ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa njia ya barabara. Hata hivyo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, maelfu ya vijana wa Wilaya ya Songea, Wangoni, Wandendeule na wenzao, waliujua mkonge wa Tanga kuliko walivyoyajua mazao mengi ya kwao. Yafaa basi tueleze jinsi jambo hilo lilivyotokea.

Mkonge si mmea wa asili ya Afrika Mashariki. Uliletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyosalimika mpaka ikapandwa ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yakatokea mashamba makubwa ya Pangani, Korogwe na Muheza, na baadaye ya Morogoro na Lindi. Mashamba yalihitaji mikono, wala watu hawakuwa tayari kuyaacha mashamba yao wenyewe. Serikali ya Wadachi ikatumia njia mbili. Kwanza kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897, ambayo ilimlazimisha mtu kutafuta fedha. Pili kadi. Kuanzia mwaka 1907, huko Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, kila mwanamume mwenye nguvu alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi minne; asipotimiza, alipelekwa kazi za serikali. Hapo ndipo tuuonapo mzizi wa kipande.

Songea ilikuwa na msiba wake. Vita vya Majimaji, vya mwaka 1905 hadi 1907, viliiacha nchi hiyo majivu. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa mjini Songea, na majeshi ya Wadachi yakachoma ghala na mashamba mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Nchi iliyonyang'anywa chakula, mifugo na viongozi, nayo iko mbali na reli na bandari, ilikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza ili kulipa kodi: nguvu za vijana wake. Waingereza walipoitwaa Tanganyika hawakuibadili hali hiyo. Mikoa ya pembeni ikawa ghala ya watu, na mikoa ya mashamba ikawa mahali pa kuwatumia.

Mwaka 1944, wakati katani ilipotakiwa sana kwa ajili ya vita kwa sababu Wajapani walikuwa wameviteka visiwa vya Java na Ufilipino, wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha watu, kilichoitwa SILABU. Kijana wa Undendeule aliandikishwa, akapimwa afya, akapewa nambari yake na kupakiwa katika lori. Alipofika shambani alikuta kambi, mnyapara, posho na kipande chake.

Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30. Kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, mathalani idadi fulani ya mafungu ya mkonge, kila fungu majani 30, nafasi moja ilitiwa alama. Asipoimaliza kazi hiyo, siku haikuhesabiwa, hata kama alitoka jasho tangu alfajiri. Mshahara ulilipwa kipande kilipokwisha, wala si mwezi ulipokwisha. Siku hizo 30 hazikulazimika kufuatana. Mtu aliweza kufanya kazi leo, akapumzika kesho, akaendelea kesho kutwa.

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, tusije tukaipaka historia rangi moja. Kipande kilikuwa na uhuru wake. Wafanyakazi waliokaa jirani na mashamba, wenye vijishamba vyao vya mahindi na mihogo, walikipenda kwa sababu kiliwaachia siku zao. Mvua iliponyesha walikwenda kupanda. Sherehe ilipofika walikwenda kucheza. Kwao kazi ya mkonge ilikuwa nyongeza juu ya riziki nyingine, na aliye na riziki nyingine aweza kumwambia mnyapara, "Leo siji." Manamba wa Songea hakuwa na shamba hapo, wala mke, wala mjomba wa kumkopesha kibaba cha unga. Kadi ilikuwa ile ile, siku zilikuwa zile zile 30, lakini kilichokuwa nafasi kwa mmoja kilikuwa kifungo kwa mwingine. Kwa hiyo hatuwezi kuupima mkataba kwa maneno yaliyoandikwa ndani yake peke yake. Lazima tuangalie mtu anayeutia sahihi ana nini nyuma yake.

Wenye mashamba walilalamika kwamba Mwafrika ni mvivu, kwamba hutaka fedha ya kodi na nguo tu, kisha hurudi kwao. Malalamiko hayo yaliwapendeza, maana yaliwapa sababu ya kutopandisha mshahara. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa elimu ya jamii, P. H. Gulliver, alichunguza safari za Wangoni na Wandendeule, na mwaka 1955 kitabu chake kikachapishwa. Alionyesha kwamba sababu kubwa ya watu kuondoka ilikuwa ni haja ya fedha ambayo haikupatikana nyumbani. Jirani zao Wamatengo, waliolima kahawa milimani, hawakwenda sana mkonge. Nao wakulima wa tumbaku wa Songea, waliouza zao lao kupitia chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo kilichoanzishwa mwaka 1936, walikuwa na namna nyingine ya kulipa kodi. Palipokuwa na zao la kuuza na njia ya kulifikisha sokoni, lori la SILABU liliondoka na watu wachache. Mcheza kwao hutuzwa. Asiye na uwanja kwao ndiye huenda kucheza ugenini.

Tena tujiulize: kazi ya muda ilimgharimu nani? Mshahara wa manamba ulipimwa kana kwamba ni mtu mmoja asiye na jamaa. Aliyemlea mpaka akawa na nguvu ni mama yake kijijini. Aliyelima wakati hayupo ni mkewe, ambaye hakuwa na mwanamume wa kumkatia miti na kufyeka shamba jipya. Alipougua au kuzeeka, mgonjwa na mzee huyo alirudi kwao. Hivyo kijiji cha Songea kilikuwa kikilichangia shamba la Tanga bila kuandikwa katika daftari lolote. Hiyo ndiyo siri ya kazi ya muda katika zama za ukoloni: mwajiri alinunua miaka ya nguvu, akawaachia wengine miaka ya utoto na ya uzee.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Kutoridhika kwao kulianza kwa utoro na ugoyagoya, yaani silaha za mtu asiye na chama. Baadaye kukaja vyama. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, na mwaka 1958 mgomo mkubwa wa Mazinde uliitikisa sekta ya mkonge, ambayo ilikuwa imeajiri zaidi ya watu 100,000. Baada ya Uhuru desturi ya kuandikisha manamba ilikomeshwa, kima cha chini cha mshahara kikawekwa, na mwaka 1964 ikatungwa sheria ya kumlinda mfanyakazi asifukuzwe ovyo, pamoja na ile ya mfuko wa akiba ya uzeeni. Lakini haki hiyo ilikuja na gharama yake. Wenye mashamba walipolazimika kulipa zaidi, walipunguza watu na kuongeza kipimo cha kazi. Kisha bei ya katani ikaanguka kwa sababu ya nyuzi za kutengenezwa viwandani. Waliobaki walipata kazi ya kudumu, na wengi wakabaki bila kazi. Mwanafunzi wa historia asilifiche jambo hili, kwa kuwa ndilo linalolifanya swali letu liwe gumu mpaka leo.

Maana kazi ya muda haikufa pamoja na SILABU. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilipotungwa, ilitaja mikataba ya namna tatu: ya muda usiotajwa, ya muda maalumu kwa wataalamu na mameneja, na ya kazi maalumu. Neno kibarua lingali hai katika viwanda, majengo na mashamba. Wapo wanaosema kwamba kazi ya namna hiyo humpa kijana wepesi wa kuhama na kujifunza. Wapo wasemao humnyima usingizi. Historia ya manamba yatufundisha kwamba wote wawili waweza kuwa wanasema kweli, nayo yatupa maswali matatu ya kuwaamulia. Je, mtu huyu aliichagua kazi hii, au alisukumwa na njaa? Je, ujira wake wamtazama yeye na watoto wake, au mikono yake tu? Je, akilalamika, yupo wa kumsikiliza?

Twawaomba walimu, hasa wa Namtumbo na Songea, wawatume wanafunzi wao kwa wazee walio karibu nao wakawaulize habari za mkonge, za kambi, na za ngoma zilizochezwa siku ya mshahara. Watoto na wajukuu wa manamba wangali wanazo habari hizo. Vitabu vimetuhifadhia hesabu za katani. Majina ya waliokuwa wakiitwa kwa nambari yamo vinywani mwa wazee hao.