Muziki ulioanzia kwenye ngoma ya pepo

Ukishuka basi pale Same mjini, usikimbilie bodaboda kwanza. Toa simu, rekodi dakika moja: honi za barabara kuu, wapiga debe, upepo wa tambarare. Kisha panda milimani uko Chome au Mamba, urekodi maji ya ndiva yakifunguliwa asubuhi na watu wakisalimiana kwa Chasu. Nikikwambia hapo tayari una nusu ya muziki, utacheka.

Lakini kuna watunzi wanaofanya hivyo hasa, na historia yao mara nyingi inasimuliwa kwa kuanzia pabaya. Vitabu vingi huanzia Paris mwaka 1948, Pierre Schaeffer alipotunga muziki kwa sauti za treni alizorekodi. Sawa, kazi yake ilikuwa kubwa. Ila miaka minne kabla, mwaka 1944, kijana wa Kairo aitwaye Halim El-Dabh, msomi wa kilimo, aliazima mashine iliyorekodi kwenye waya wa chuma, akaenda kunasa zaar, ngoma ya wanawake ya kupunga pepo.

Aliporudi studio ndipo sayansi ikaingia. Sauti ya mtu anayeimba si mlio mmoja. Kuna mlio wa msingi, na juu yake milio mingine yenye masafa mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa kwanza. El-Dabh aliupunguza ule wa msingi, akabakiza ya juu na mwangwi wake. Maneno yakayeyuka, kilichobaki ni kama pumzi ya ukumbi mzima. Baadaye alihamia Marekani, akatunga pia kwa ajili ya okestra, na mwaka 1959 akaunda *Leiyla and the Poet* katika kituo cha muziki wa elektroniki cha Columbia-Princeton.

Sasa vuka mpaka wetu wa Holili, uje karibu na nyumbani. Nyokabi Kariũki, mtunzi Mkenya aliyesomea New York, alitoa *peace places: kenyan memories* mwaka 2022. Humo kuna piano, kuna kompyuta, kuna sauti yake, na kuna sauti za nyumbani: shamba la bibi yake, ufukwe wa Galu, hata mbuzi na maembe. Anachanganya lugha bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 2023 akafuata *FEELING BODY*, kuhusu mwili wake uliokataa kupona haraka baada ya UVIKO. Mimi naipenda zaidi ile ya kwanza, labda kwa sababu ya shamba.

Na hapa ndipo roho inaponiuma kuhusu Upare. Ndiva nyingi zimejengewa saruji. Kwa mahindi ni heri tupu, maji hayapotei ovyo. Ila kwa masikio yangu, maji yanayopita kwenye saruji hayalii kama yale ya kwenye udongo. Kama nyumbani kwenu kuna ndiva ya udongo bado, nenda na simu kabla mafundi hawajafika.