Stesheni za Reli ya Uhuru katika Bonde la Kilombero

Magofu ya mwambao, kama yale ya Kilwa Kisiwani, Kaole na Gedi, yameandikwa sana, hata mtafiti aweza kudhani kwamba habari za miji iliyohamwa zaishia ufukoni. Lakini katika Bonde la Kilombero, mbali na bahari, yako majengo ya nusu karne tu ambayo yameanza kuifuata njia hiyo hiyo. Nayo ni stesheni za reli ya Tanzania na Zambia, kutoka Mang'ula na Ifakara mpaka Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba.

Asili yake yajulikana. Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia waliona kwamba reli hiyo haingekuwa na faida. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikabanwa katika njia yake ya kusini. Tarehe 5 Septemba 1967 mkataba ulitiwa saini Beijing. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na tarehe 14 Julai 1976 njia yote, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa kwa wenyewe. Watu waliiita Reli ya Uhuru.

Majengo yake ni ya zege, ya mistari iliyonyooka, wala hayana nakshi. Mlango wa nyumba ya mwambao ulichongwa ili mpitaji ajue cheo cha mwenye nyumba. Stesheni hizi hazina mwenye nyumba wa kutukuzwa. Usasa wake ulikuwa ahadi: kwamba mkulima wa Mngeta atangojea treni chini ya dari ya namna moja na abiria wa Dar es Salaam.

Ahadi hiyo ilisadikiwa. Wakati wa kuhamishia watu vijijini, kati ya 1973 na 1976, makazi mengi yalipangwa kandokando ya reli. Mchele na ndizi zilipata soko, na lugha ikapata neno. Kipisi ni kipande kilichobaki cha kitu, kama kipisi cha sigara. Wakazi walilitwaa kuitaja treni ndogo iliyokwenda sehemu tu ya njia na kusimama katika stesheni ndogo. Wahandisi walihesabu safari kwa urefu wa njia nzima. Mchuuzi aliihesabu kwa kipande chake, na jina likafuata hesabu ya mchuuzi.

Neno hilo laeleza pia uchakavu wa majengo. Mizigo ya reli nzima, iliyopita tani 1,000,000 kwa mwaka katika enzi yake njema, ilishuka chini ya tani 100,000 katika mwaka wa 2014/15. Na stesheni haifi kwa kuta kupasuka. Hufa treni inapoacha kusimama. Rangi iliyochujuka ni dalili tu.

Septemba 2024, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia Beijing utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua reli. Matengenezo yaweza kuokoa njia na hata hivyo kufuta majengo ya awali pamoja na msamiati wake. Kwa hiyo wazee waliojenga na wachuuzi waliopanda kipisi wastahili kusikilizwa mapema, kama magofu ya mwambao yasivyopata kusikilizwa wakati wenyeji wake walipokuwa hai.