Paipu ya njia moja, soketi ya njia mbili

Mniwie radhi kwa kimya. Wiki nzima nilikuwa napambana na programu moja iliyoganda tu, bila hata kutoa ujumbe wa kosa. Nilikuwa nimeunganisha michakato miwili kwa paipu mbili, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Kumbe zote zilikuwa zimejaa, kila mchakato ukimngoja mwenzake asome kwanza. Basi nikarudi kwenye historia.

Paipu iliingia Unix mwaka 1973, kazi ya Ken Thompson, kwa wazo ambalo Doug McIlroy alikuwa amelipigia debe tangu 1964. Lengo lilikuwa matokeo ya programu hii yawe chakula cha programu ile. Maji huteremka, hayapandi. Tena michakato ilibidi iwe ya ukoo mmoja, kwani paipu hiyo haina jina. Mtoto huirithi kwa mzazi.

Januari 1, 1983, ARPANET ilihamia TCP/IP. Agosti mwaka huo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikatoa 4.2BSD kwa ufadhili wa DARPA, na soketi zikiwa ndani yake. Sasa mchakato mmoja husikiliza, mwingine hupiga hodi. Mlango ukifunguliwa, kila upande husoma na kuandika kwenye ncha yake moja, hata kama mwenzake yuko ng'ambo ya bahari. Kwa walio ndani ya mashine moja kulikuwa na socketpair: wito mmoja, ncha mbili zilizokwisha kuunganishwa. Na je, mwajua? Katika 4.2BSD paipu yenyewe ilijengwa juu ya soketi. Mtoto akambeba mzazi!

Nikatupa paipu zangu, nikaweka socketpair. Programu ikaganda tena! Hapo ndipo nilipoelewa. Soketi nayo ina bafa yenye kikomo, na njia mbili pekee hazifundishi adabu ya mazungumzo. Wawili wakisema kwa pamoja bila kusikilizana, wote hukwama.

Dawa ilikuwa humo humo 4.2BSD: select, wito unaoeleza ncha ipi iko tayari kusomwa au kuandikwa. Nikawa naandika kidogo kidogo bila kungoja, na kusoma kila jibu likifika. Programu ikakimbia.

Basi ndugu yangu, kabla ya kuandika msimbo wowote wa soketi, amua kwanza: nani anasema, na nani anasikiliza?